Banda Lililoshonwa Bila Tundu

Jumanne iliyopita sikuamshwa na jogoo wa jirani yangu. Wasomaji wa siku zote wa ukurasa huu wanamjua jogoo huyo, maana nilishamsema hapa, nikamwita saa mbovu yenye mbawa, na baadhi yenu mkaniandikia kunipa pole. Siku hiyo nililala mpaka mwanga ukapenya pazia, nikajinyoosha kwa raha, nikadhani mzee hatimaye amemtia sufuriani. Nilikuwa nanawa uso niliposikia mke wa mzee akimwita mumewe uani. Mara ya kwanza alimwita kama anayemwamsha mtu aliyepitiwa na sala ya alfajiri. Mara ya pili alimwita kwa sauti iliyonifanya niache bomba likimwaga maji na kukimbia nilivyo, taulo begani. Mlango wa chumba cha nje ulikuwa wazi, mkewe akiwa ameshausukuma. Ndani, mzee alikuwa amelala chali kwenye godoro, blanketi limefika kidevuni, na kuku wake walikuwa wamelala sakafuni kumzunguka, midomo imegusa sementi, jogoo akiwa chini ya cherehani. Wote walikuwemo isipokuwa mmoja, na huyo nitamtaja baadaye. Katikati ya chumba palikuwa na imbabura, jiko letu la makaa, lenye majivu meupe matupu. Hapakuwa na moshi wala harufu yoyote. Chumba kilikuwa bado na joto zuri, la kumfanya mtu atake kukaa.

Kwa miaka mingi alikuwa fundi cherehani barazani kwake, katika mtaa wetu wa zamani ambako bado utasikia Kiswahili kabla ya Kinyarwanda. Babu zake walifika hapa kwa biashara, wakajenga, wakazikwa, na yeye akarithi cherehani ya miguu na sifa moja iliyovuka mpaka: mshono wake haukufumuka. Wanawake wa Goma, upande wa Kongo, walivuka mpaka pale Petite Barrière na vitambaa vichwani, wakawapita mafundi njia nzima mpaka kwake. Mimi niliyekulia Karagwe, mtoto wa wakimbizi, alinicheka Kiswahili changu tangu siku ya kwanza. Alisema nazungumza kama redio, na kwamba iko siku atatafuta kitufe anizime. Baada ya ile makala ya jogoo alinijia na mayai kwenye kikapu, uso mkavu kabisa, akaniambia jogoo amesikia niliyoandika na amenuna, lakini mitetea wanaomba radhi kwa niaba yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha macho yakaanza kumwacha. Ukungu ulitanda kwenye yote mawili, na wateja wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake. Nilimwona akikaa barazani mikono imelala mapajani, na iliniuma kuiona, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuiona mikono ile ikikaa bure. Kuku ndio waliomwinua. Alianza na vifaranga vichache kutoka kwa mama mmoja mfugaji wa Nyakiriba, na haukupita muda wanawake wanaopeleka mayai ya kuchemsha ng'ambo walikuwa wakigonga lango lake kila asubuhi. Alirudi kuwa mtu anayetafutwa. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu yote aliyoyafanya baadaye aliyafanya ili asirudi kukaa barazani na mikono mapajani.

Watu wa mbali hudhani kwetu ni jua mwaka mzima. Waje wakae Gisenyi wakati wa itumba, masika yetu, mvua inapoanza mchana na kusahau kukoma, na upepo unapoteremka kutoka milima ya volkano kuja kukutana na ule wa ziwani juu ya mabati yetu. Mwaka huu baridi ilizidi. Mawe ya mvua yalitoboa bati la banda la mzee, maji yakaingia, na mitetea wawili wakalowa, wakajikunyata, wakafa. Hapo hofu ikamwingia. Alikusanya magunia ya mchele na kipande cha shitingi ya plastiki, mkewe akamtungia uzi kwenye sindano ya magunia, naye akaanza kulishonea banda vazi. Alishona kwa kupapasa, mshono juu ya mshono, akilipima banda kwa ule utepe wake wa shingoni kama anayempima bwana harusi. Akalitia bitana. Akaziba mpaka ule mwanya wa chini ya bati ambamo mwanga ulikuwa ukipita. Alipomaliza aliniita nikaione kazi yake, akanishika kiganja na kukipitisha polepole kwenye ule mshono. Uani upepo ulikuwa unavuma, na pale mkononi mwangu sikuhisi hata pumzi. Nilimsifu, na alistahili sifa, maana kanzu nyingi nilizowahi kuvaa hazikushonwa vizuri hivyo.

Jioni akaingiza moto. Alikuwa na utaratibu wake, na ndio utaratibu wa mji huu mzima: imbabura inawashwa uani, inapepewa, inaachwa mpaka moshi wote uondoke, ndipo inaingizwa ndani ikiwa nyekundu tupu. Nilisimama naye akipepea, nikamuuliza kama haogopi kuwasha moto mahali palipozibwa namna ile. Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, kwa upole, kama ninavyotazamwa na watu wa hapa kila ninapouliza jambo lililo wazi. "Moshi ndo inauaka, muandishi," akaniambia. "Mi nangojaka iishe yote huku inje. Makaa ikisha kuwa mwekundu namna hii, iko safi, unaweza hata kulala nayo." Ndivyo wanavyosema mama zetu, na ndivyo wanavyofanya jirani zangu wa kulia na kushoto. Basi akaiingiza, na kila jioni baada ya sala ya isha akawa anaketi kidogo na kuku wake, akiwasikiliza, kwa kuwa kuwaona hakuwaona sana. Alikuwa akitoka akipangusa paji la uso. Kichwa kilimgonga, magoti yalimlegea, na siku moja alishika ukuta mpaka kizunguzungu kipite. Alisema baridi imempanda kichwani. Mkewe akamfunga kitambaa chini ya kofia. Mayai yakapungua, kuku wakawa wazito, wengine wakisimama mdomo wazi kama wana kiu, naye akasema hakika hii baridi ni adui, akaongeza makaa.

Kisha asubuhi moja akakuta nusu ya kuku wamekufa. Hawakuwa na jeraha, wala hapakuwa na manyoya yaliyotapakaa, wala ule mharo wa kijani wa kideri ambao kila mfugaji anauogopa. Walikuwa wamelala tu. Mkewe aliniambia jambo ambalo sikulielewa wakati ule: vilemba vyao vilikuwa vyekundu, vyekundu kuliko walipokuwa hai. Majirani walijaa uani. Shemeji wa mzee, kaka wa mkewe, mtu mwema sana mwenye duka la vitenge Goma, alikuwa amekuja kusalimia, na yeye ndiye aliyetoa jina. Alisema ni mazuku. Hapa hakuna asiyelijua neno hilo. Ni ule upepo mbaya unaotoka ardhini kwenye nchi ya volkano na kutulia mabondeni asubuhi isiyo na upepo. Ng'ambo wameshaokota mbuzi na mbwa waliolala hivyo hivyo, bila alama, na watoto wanakatazwa kuingia kwenye mashimo ya mawe meusi. Tangu mlima utapike mara ya mwisho na nyufa kupita mpaka mitaani kwetu, kila mtu anaamini kwamba mazuku yanaweza kuchagua uwanja wowote. "Inatokaka chini," shemeji alisema. "Haina moshi, haina harufu. Banda yako iko juu ya udongo tupu, donc kama unapenda hizi zimebakia, ziondoshe pale." Sote tulitikisa vichwa. Kila alichokisema kuhusu mazuku kilikuwa kweli, na hilo bado linanitisha ninapoandika. Adui alikuwa hana moshi, hana harufu, analaza bila kujeruhi. Tulimtaja kwa sifa zake zote, kisha tukaenda kumtafuta chini ya ardhi, ilhali alikuwa amekaa mbele yetu kwenye miguu yake mitatu, amepoa.

Mzee alifanya kama alivyoambiwa, na alifanya vizuri, maana hakuwa na namna nyingine ya kufanya jambo. Alikuwa na kile chumba cha nje alimokuwa akiweka cherehani, chenye sakafu ya sementi. Akanunua sementi kidogo akaziba nyufa zote. Dirisha lilikuwa la kioo, jipya, la fremu ya alumini, linalofunga kimya. Chini ya mlango akasokota tambara. Kisha akafumua lile vazi la banda na kulitundika mlangoni kama pazia, maana ilimuuma kuacha kazi nzuri inyeshewe. Akahamishia humo godoro lake pia. Mkewe alimsihi asilale na kuku, akamwambia wajukuu watamcheka. Alijibu kwamba mazuku yakija kuku hawana wa kuwaita, na kwamba yeye akiwa pale atahisi na kuwatoa. Alikuwa anakwenda kulinda zamu, kwa kweli, mzee asiyeona vizuri, akilinda kitu kilichomrudishia heshima. Ni mtetea mmoja tu aliyemshinda, kuku mweusi wa kienyeji aliyezoea kulala juu ya mparachichi nyuma ya jikoni. Walimrushia mahindi, wakampungia fimbo, akapanda tawi la juu zaidi na kukaa pale mvua ikimpiga. "Bon, wacha yule mukaidi," mzee akasema, akiwa amechoka. "Baridi itamuua, mutaniambia." Jioni hiyo akaisubiri imbabura yake uani mpaka moshi wote ukaisha, akaiingiza ndani, akafunga mlango.

Tulimzika siku ile ile, alasiri, udongo ukiwa tope. Waliomwosha walitoka wakisema uso wake ulikuwa mzuri, kwamba midomo na kucha vilikuwa na rangi ya mtu mwenye afya, na wengine wakaliona jambo hilo kuwa dalili ya mwisho mwema. Mimi nilikumbuka vile vilemba vyekundu. Daktari aliyeitwa asubuhi ile alikuwa amekwisha kutuambia kwa maneno machache: hewa ya makaa. Si moshi. Makaa yanapowaka mahali pasipo na pa kupumulia hutoa hewa nyingine, na hiyo haimkohozi mtu wala kumtoa machozi. Inamgonga kichwa, inamlegeza magoti, inampa usingizi. Moshi, jamani, una adabu zake. Unakufukuza kabla haujakudhuru. Na makaa mekundu, yale tunayoyaita safi, ndiyo yenye hewa hiyo. Nilimuuliza daktari kuhusu kuku wa kwanza, naye akanitazama kwa mshangao, akasema hao walikuwa wametangulia kutoa habari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na nimelitumia kwa watu: ndugu wabaya, marafiki wanafiki. Sikujua linaweza kumaanisha vazi lenyewe. Laiti jirani yangu angekuwa fundi mbovu, wa kuruka mishono na kuacha mianya, leo ningekuwa nalalamika tena juu ya jogoo.

Tangu siku hiyo natembea mtaani nikitazama kuta. Nyumba za zamani za mji huu, zile za babu zake mzee, zina matundu ya matofali juu ya kila dirisha na kila mlango. Tulipokuwa tunahamia wengi wetu tuliyadharau. Yanaingiza mbu, vumbi, baridi, maneno ya jirani. Tukayaziba kwa saruji, kwa magazeti, kwa matambara, na wenye uwezo wakaweka plafo, yaani dari, na madirisha ya alumini ya kuteleza, tukaita hayo maendeleo. Nami sitaki kujifanya mjinga wa starehe; nyumba yenye joto ni nyumba yenye joto. Lakini tulibadilisha kuta na hatukubadilisha moto. Imbabura ile ile iliyokuwa ikipumulia kwenye matundu ya babu sasa tunaifungia katika chumba ambacho hata sauti ya mvua haiingii, halafu tunajipongeza kwamba tumesubiri moshi uishe. Na kuna kufunga kwingine. Wageni wa ng'ambo wakija na habari zao ngumu tunafunga lango. Jirani akilalamika kichwa tunampa kidonge na kufunga mlango. Kila mmoja wetu anataka pahali pasipoingia upepo. Ninapopita jioni na kuona dirisha baada ya dirisha limefungwa, na nyuma ya kioo ule wekundu mdogo sakafuni, napata hofu ambayo sikuwa nayo, na mara mbili nimebisha hodi kwa watu wasionijua. Mmoja alidhani ninaomba moto.

Yule mama wa Nyakiriba aliyemuuzia vifaranga alifika matangani akiwa amelowa, akalia kwa uchungu wa mtu anayejua kilichotokea kabla hajaambiwa. Kwao juu ni baridi kuliko kwetu, na kuku wake wanaishi. Alituambia kwamba kuku ana nguo yake tayari. Akipandisha manyoya amejifunika. Kinachomuua ni maji. Ukimpa pahali pakavu, maranda makavu yanayobadilishwa yakilowa, ubao mpana wa kutulia usiku ili akalie vidole vyake, punje za mahindi kabla ya kulala, na ukuta upande unaotoka upepo, basi umemaliza. Juu, chini ya bati, unaacha wazi, hata mvua ikinyesha, ili pumzi yao mbaya itoke. Moto hauingii bandani kabisa. Wale wawili wa mwanzo, alisema, waliuawa na lile bati lililotoboka, na kiraka kimoja kingetosha. Alisema alikuwa anafikiri kila mtu anajua, ndiyo maana hakuwahi kusema.

Siku ya tatu ya matanga mvua ilitufukuza kutoka chini ya turubai, sisi wanaume tukajazana sebuleni, makoti yamelowa, tukisubiri dua. Nyuma ya pazia, katika chumba cha ndani, mjane alikuwa amekaa eda pamoja na wanawake. Baridi ilikuwa kali kweli. Mtu mmoja aliyekaa karibu na dirisha akalivuta likafunga kimya. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa na akaingia yule shemeji kutoka Goma, macho mekundu kwa kulia, akiwa ameshika kwa matambara imbabura iliyojaa makaa yanayong'aa. Alikuwa ametuhurumia. Aliiweka katikati ya mkeka, akakinga kiganja juu ya joto, akatuambia kwa sauti ya chini, "Musiogope. Moshi imeisha."

Nawaapieni, hakuna aliyenyanyuka. Tulikuwa tumetoka kumzika mtu kwa jambo hilo hilo, daktari ametuambia, mama wa Nyakiriba ametuambia, na bado mikono ya watu wazima ilinyooka kulifuata lile joto, mmoja baada ya mwingine. Wangu pia ulikuwa njiani. Ndipo sauti ya mjane ikatoka nyuma ya pazia, haikupanda wala kutetemeka.

"Kaka, tosha hiyo kitu inje. Na ile dirisha ikae wazi. Baridi mutavumilia."

Shemeji akainama, machozi yakamtoka upya. Aliinyanyua imbabura akaipeleka mvuani mwenyewe, tukayasikia makaa yakilia kwa maji na kuzimika. Mimi nilifungua dirisha. Kupitia hapo niliuona mparachichi, na juu ya tawi lake yule mtetea mweusi, manyoya amepandisha, jicho moja limefumbwa, amekaa katika baridi ile ile ambayo mzee alihofia itamuua. Ndugu msomaji, leo jioni kabla hujalala tazama juu ya dirisha lako, na juu ya banda la kuku wako kama unao. Kama huoni tundu, toboa. Imbabura ikae nje mpaka asubuhi, hata kama ni nyekundu na nzuri. Sisi tulisoma dua tukitetemeka, upepo wa ziwa ukituingia mpaka kwenye mifupa, na kesho yake sote tuliamka.